Kulia

Reki ilitoka kwenye Datsun iliyozaliwa Japani,
gari la usukani wa kulia, kama yote ya kwetu.
Nilimpa Dragutin wa Mtaa wa Burlington dola arobaini na tano,
akaniongezea krosi mbili bure
na onyo moja: "Hii haijui Kanada."

Mimi nina miaka kumi na tisa hapa Hamilton.
Mwaka wa kwanza nilikuwa nikifungua mlango wa abiria,
nakaa, nanyoosha mikono,
naukosa usukani.

Chasisi ni mabomba niliyochomelea mwenyewe,
injini nyuma, viti viwili, jina bado.
Barabara za huku zinamtaka dereva akae kushoto,
basi nikaipindua reki, tumbo juu mgongo chini,
kama mtoto anayevalishwa fulana kinyumenyume,
na shina la pinioni likahamia upande wangu.
Likakaa sawasawa. Nikapiga mluzi.
Usiku tatu nikachomelea mabano, manne,
na sikuacha hata nukta ya mwanga katikati ya chuma na chuma.

Mwatime, miaka kumi na minne,
akakaa juu ya ndoo ya rangi (kiti kilikuwa hakijaja),
magurudumu ya mbele yako hewani.
Nikamwambia, kata kushoto.
Akakata kushoto.
Magurudumu yakaenda kulia.

Kimya. Hita inakohoa pembeni.
"Baba," akasema, "gari lako linalia."

Kiswahili chake tunakiokota vipande vipande,
Jumapili, kwenye simu ya bibi yake wa Muheza,
na hadi leo sijui
kama alikosea au alitunga.

Nilicheka hadi nikakaa kwenye saruji baridi.
Halafu nikayaangalia yale mabano manne.

Meno ya reki hayana kosa.
Pinioni inazunguka vilevile ilivyofunzwa,
ila chuma kilichopinduliwa kinakimbilia mkono mwingine.
Nilichora kwa chaki, nikafuta kwa kiatu, nikachora tena.
Dawa ilikuwa mbele ya ekseli, si nyuma:
ving'olewe vikono vya magurudumu,
cha kushoto kihamie kulia, cha kulia kushoto,
vitazame mbele,
na reki ihame ivifuate.
Hasi kwa hasi, akaandika Mwatime ubavuni mwa bomba,
akachora alama ya kujumlisha, kubwa, yenye kiburi.
Nikawasha grainda. Mabano yakalala sakafuni
kama kucha zilizokatwa.

Kumbe tairodi nazo zilikuwa ndefu.
Nikibonyeza springi, tairi linageuza shingo
kama mtu aliyesikia jina lake sokoni.
Kwenye gari refu hilo ni kero; kwenye hili jepesi
shimo moja tu lingekutoa njiani.
Nikapunguza milimita kumi na nane kila upande,
nikakata hesi mpya kwa mashine ya Dragutin,
yeye kasimama nyuma yangu, hasemi, ananusa mafuta.
Nikabonyeza tena:
linapanda, linashuka,
halimtazami mtu.

Mwezi wa tatu, chumvi ya majira ya baridi bado nyeupe
kwenye uwanja wa kiwanda kilichofungwa,
tulitoka kwa mwendo wa mtu anayetembea.
Usukani unacheza upana wa kidole. Nitaukaza kesho.
Mwatime kando yangu, mikono magotini,
kofia imemfika nyusi.

"Kushoto," akaamuru.
Gari likaenda kushoto.

"Kulia," akasema, na hakunitazama,
na nikakata, na likaenda,
na macho yangu nayo yakafuata amri.
Upepo wa ziwani, nilimwambia.
Upepo wa hapa ni mkali.