Tundu la Saba

Maji kwanza, kisha unga. Ukigeuza mpango
utakoroga madonge hadi Pasaka.
Naimwaga jasi kwa vidole, kama anayemlisha kuku mgonjwa,
mpaka kisiwa cheupe kisimame juu ya maji
kikatae kuzama.
Ndipo nakoroga. Polepole. Mwiko usipige makofi:
kila povu ni shimo usoni mwa tofali.

Udongo uwahi ungali maji, na jasi
inakupa dakika sita, saba chumba kikiwa baridi.
Hapa Oulu, Januari, ghala la chini halijui kuwa vingine.

Namimina. Nagonga meza kwa ngumi, mara ishirini.
Mapovu yanapanda kama yaliyoitwa.
Zamani Bi Pirkko wa juu alijibu kwa mpini wa ufagio.
Siku hizi ananiuliza kwenye ngazi:
Ngome imefika wapi?

Imefika dirisha la tatu.
Ngome ya nani, sijui. Haina mfalme.
Miaka thelathini na mmoja kwenye kiwanda cha karatasi
nilitazama kitu cheupe kikinipita bila kusimama.
Hiki cheupe kinasimama.

Halafu joto. Hakuna aliyenionya
kwamba jasi ikiganda hupata homa.
Naweka kiganja juu ya kalibu, nangoja ipoe.
Mtoto alipougua, kazi hii ilikuwa ya Helvi.

Kalibu ina matundu kumi na mawili.
La saba lina mkwaruzo kama mwezi mwandamo:
Ilmari, miaka sita, alitaka kutoa tofali kabla halijaiva
akazamisha ukucha kwenye mpira.
Nilimfokea. Kwa ajili ya mpira!
Akaenda kukaa kwenye sauna, taa imezimwa.

Sasa yuko Perth, ana ndevu.
Helvi alininunulia kalibu mpya. Iko kabatini, na karatasi yake.
Kila nikimimina, la saba hutoka na ukucha ule ule,
umetuna kama kovu, mnene kuliko jana
maana mpira unazidi kuchanika.
Ninayo mia mbili na arobaini. Siyajengei.
Jumamosi, tukishaoga, nayakausha kwenye sauna,
benchi la juu, pale pa wageni,
kisha nayatia kwenye kopo la biskuti.

Jumapili simu inalia.
Unafanya nini, Baba?
Nakoroga. Zimebaki dakika nne.
Basi mimina, anasema, usikate.
Naiweka simu kando ya kalibu, nagonga,
na huko kwenye joto namsikia
anahesabu.