Shauri Lililotupwa

Nilikuwa karani wake miaka kumi na tisa,
juu ya duka la vipuri vya baiskeli, Ngamiani.
Mashine ya chapa ilikatika herufi R.
Haki, fidia, mkonge: hizo zilipita.
Mwajiri, serikali, rufaa:
hizo nilizitilia R kwa kalamu, moja moja.

Wakili Asiatu Semhando hakupenda kusifiwa,
basi nitasema tu alivyokuwa.
Chungwa la Muheza alilimenya kama ana ugomvi nalo.
Joho alikuwa nalo moja, upindo umeshonwa ukachoka.
Akiazima mwavuli, usahau.

Walikuja wakata mkonge arobaini na mmoja,
vidole vimekakamaa, mafao hayajulikani yaliko.
Wa kwanza, jicho moja limetobolewa na mwiba,
alijitaja: "Mia tatu na sita."
"Jina," akasema wakili.
"Mia tatu na sita, mama."
"Ulilopewa nyumbani."
Akakaa kimya, kama mtu anayepapasa mfuko uliotoboka.
"Nandonde," akasema.
Nikaliandika. Halina R.

Mwaka wa nne jaji alisoma kwa Kiingereza, dakika sita.
Walimzunguka wakili pale barazani,
wakitazama midomo yake.
"Limetupwa," aliwaambia.
"Ofisi yangu ilichelewesha hati siku mbili."
Bi Somoe, mjane wa mmoja wao,
akajifunga kanga kiunoni:
"Limetupwa wapi?
Twende tukaliokote."

Hapo ndipo wakili alipocheka,
akacheka mpaka akashika nguzo,
na nilipomsogelea nikaona si kicheko tena.

Siku mbili zile zilikuwa zangu.
Nilikwenda harusini Lushoto,
hati nikaiacha kwenye droo, chini ya karatasi za kaboni.
Alijua. Alisema *ofisi yangu*
na hakunitazama.
Jioni aliniletea utepe mpya wa wino.
"Tunaanza upya," alisema. "Andika tarehe."

Tuliliokota. Miaka saba mingine.
Kila aliyekufa hakumfuta kwenye orodha;
aliandika pembeni jina la mrithi, kwa penseli,
na wakati mwingine jina la mrithi wa mrithi.
Siku ya hukumu walisimama kumi na saba.
Nandonde, kwa fungu lake, alinunua mlango.
Si nyumba. Mlango, wa mninga, wenye kitasa.
Alikuja kutualika tukaufungue.
Wakili alikwenda. Aliufungua, akaufunga,
akaufungua tena.

Mashine nimebaki nayo mimi.
Fundi wa Chumbageni aliipatia R mwaka jana,
imetoka kwenye mashine nyingine, imekaa juu kidogo ya wenzake.
Jana nilichapa *marehemu*.
Nikaitazama ile R ilivyojiinua katikati ya neno.
Nikatoa karatasi, sikuiweka kwenye droo.
Niliipeleka kwa miguu, siku ileile.