Pengo

Fomu iliuliza, kipengele cha kumi na moja:
Eleza mapengo katika wasifu wako wa kitaaluma.
Nafasi niliyopewa: maneno hamsini.
Nikaandika: Miezi kumi na minne. Nilijifungua.
Nikahesabu. Yamebaki arobaini na matano.
Sikuwa na la kuongeza,
na umeme wa Atakpamé ulikuwa na mipango yake usiku ule.

Wakanikubali. Barua ilikuja na jedwali:
nauli, kwenda na kurudi;
bima;
koti la baridi, dola mia tatu, lete risiti.
Chini kabisa, kwa herufi za sisimizi:
wategemezi hawagharimiwi.
Mama akaisoma kwa miwani ya marehemu baba.
"Kwa hiyo Afivi ategemee nini?"
Hakungoja jibu. Akambeba mgongoni, akaenda kuanika kunde.

Nilikuwa na miaka thelathini na minne.
Kikomo chao, thelathini na mitano.
Ningengoja jino la kwanza, mlango ungefungwa.

Saskatoon, Januari.
Mto umeganda, watu wanatembeza mbwa juu yake.
Kazi yangu ni fukusi:
aina mia mbili na kumi za kunde,
ipi imebunguliwa, ipi imenusurika.
Tundu la fukusi ni duara safi,
ungedhani kunde imetobolewa ili itungwe shanga.

Saa nne asubuhi maziwa hunijia.
Maziwa hayajui ramani.
Nilijikamua chooni, ghorofa ya tatu,
nikamwaga kwenye sinki
na kufungulia maji mengi, weupe usionekane.

Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye.
Hawakusema asiyemchelea analilia wapi.

Halyna Kowalchuk, fundi wa maabara,
mtu asiyemsalimu yeyote kabla ya chai,
alinikuta pale. Hakuuliza.
Alinipa chupa za sampuli, za mililita hamsini,
na kalamu ya wino usiofutika.
Akafungua friza kubwa, ukungu ukatumwagikia miguuni.
"Rafu ya chini. Andika tarehe.
Kisicho na tarehe hutupwa."
Hiyo ndiyo huruma yake yote, na ilitosha.

Wiki tisa. Chupa sitini na nne.
Sikujua namwekea nani.
Afivi alishazoea uji.

Machi, ukaguzi wa friza.
Profesa Fehr, mpole, penseli sikioni,
akainua chupa moja kwenye mwanga.
"A.D., namba kumi na saba. Hii ni sampuli ya nini?"
Halyna akageukia dirisha.
"Hilo ni pengo," nikasema,
"lile la kipengele cha kumi na moja.
Mlinipa maneno hamsini. Yaliyobaki yamo humo."

Aliishika mpaka glavu yake ikaota barafu.
Kisha akaandika kitu daftarini.
Nilikisoma jioni, baada ya wote kuondoka:
Rafu ya chini, ya Dkt. Dossavi. Isiguswe.
Kuhusu fomu hakusema neno,
na mwaka huu nimeiona tena, kipengele kilekile,
maneno hamsini yaleyale.

Usiku ule, kwao alfajiri, Mama akapiga simu ya video.
Afivi akaing'ata simu.
Kioo kizima kikawa chekundu, ufizi mtupu,
na katikati ya ufizi, kitu cheupe,
kidogo kama ncha ya punje ya mchele.
"Umeliona?" Mama akauliza.

Picha ikaganda hapo hapo.
Sikuikata.