Kabati la Vikombe, Sunderland

Kila Jumanne napangusa vikombe ishirini na kimoja.
Kikubwa kina masikio mawili kama sufuria ya harusi.
Cha kwanza, kidogo, kimebonyea ubavuni:
Winnie Thirlwell alikitumia kugongea misumari ya njumu.

Pichani wako kumi na moja, wasokota kamba,
viganja vimechanika, kaptula za kuazima kwa kaka zao.
Edith, kipa, hacheki. Jino lake moja lilibaki Gateshead.

Kisha wakubwa wa soka wakawafungia viwanja.
Mpira, walisema, haumfai mwanamke.
Kamba ya kuvuta meli ilimfaa.

Basi wakacheza nyuma ya kiwanda, juu ya masizi,
mashuka yaliyoanikwa yakiwa ndiyo mashabiki,
miaka hamsini hivi, mama akimrithisha binti viatu,
na karatasi kwenye vidole mpaka mguu ukue.

Leo tiketi zinaisha Jumatano.
Wanangu wamebandika picha ya mshambuliaji
mpaka kwenye mlango wa friji.

Mimi hukawia kwenye wavu wa zamani,
umekunjwa chini ya kioo, rangi ya chai iliyolala.
Kibao kinasema: mkonge, kutoka Tanga.

Babu alikata mkonge Ngomeni,
akahesabu matita, akalipwa nusu,
hakujua unapelekwa wapi.

Ulikuja huku, babu.
Ulikuja kupokea mabao ya Winnie.

Meneja ananiita. Vyoo bado.