Kondoo na Meli

Sanduku niliachiwa na Noeline alipohamia kwa bintiye.
La viatu vya mvua, namba tisa.
Ndani: saa ya kadibodi, mshale mfupi ukining'inia kwa pini,
simu mbili zisizo na waya wala wa kumpigia,
kaseti kumi na nne, redio ya kuzichezea,
picha za matunda ambayo nusu yake
hapa Invercargill hayaoti wala hayauzwi,
na kikaratasi, kwa mwandiko wake:
Usiwasahihishe wote kwa mpigo. Chai kwanza.

Mimi nilikuwa mtu wa posta.
Miaka thelathini na mmoja nilisoma majina ya watu
bila kuyatamka.
Sasa kila Jumanne na Alhamisi, chumba cha nyuma cha maktaba,
nayatamka: Yurleidy. Eliécer. Doña Nubia.
Nakosea. Wananirudisha mwanzo polepole,
kwa upole uleule ninaowarudisha nao,
na nje saa kumi na moja jioni giza limeshatanda,
upepo wa kusini unagonga dirisha kama mwanafunzi aliyechelewa.

Vitabu tulivyopewa vina familia moja, yenye furaha.
Baba anasoma gazeti. Mama anaoka keki. Mbwa yuko chini ya meza.
Hakuna anayejaza fomu ya nyumba.
Hakuna anayeambiwa neno refu na daktari
akalibeba hadi nyumbani likiwa limekunjwa mfukoni.
Kwa hiyo tunasoma bili ya umeme,
barua ya shule kuhusu chawa,
onyo la barafu barabarani,
na matangazo ya duka kuu, ambamo Nubia,
aliyeacha shamba la kahawa na kaburi moja huko Kolombia,
amejifunza kuhesabu kwa bei ya maziwa.
Bei ikipanda, Kiingereza chake nacho kinapanda.

Kaseti ya saba ni kondoo na meli.
Kwa Kiingereza hayo ni maneno mapacha.
Yanatenganishwa na pumzi tu,
moja ndefu, moja fupi, basi.
Kondoo, inasema kaseti. Inangoja. Meli. Inangoja.
Eliécer akasimama kujitambulisha, kofia mkononi:
"Nafanya kazi machinjioni. Kila siku nachinja meli mia tatu."

Hakuna aliyecheka. Wenzake wote walisikia kondoo.
Ni mimi peke yangu niliyeiona bandari nzima
ikining'inia kwenye kulabu,
milingoti imechunwa, sakafu imejaa maji ya chumvi.
Nikamweleza. Akavitazama viganja vyake kwa muda.
"Ndiyo maana nachoka," akasema.

Hapo ndipo tulipocheka, mpaka chai ikapoa.

Ila kaseti hizo zinatoka London,
au mahali panapojifanya London.
R wanaimeza kama kidonge.
Wiki sita Eliécer alikuwa akiiua r yake,
akiibana kwa meno, akiifuta, jasho likimtoka,
nami nikimpongeza, Mungu anisamehe.

Alhamisi moja mlinzi wa jengo, mzee Dunnage,
mjukuu wa wachunga kondoo wa Uskoti,
akachungulia kuuliza ni gari la nani limeziba geti.
Kila r ikamtetemeka ulimini kama trekta baridini.
Vichwa vyote vikainuka.
"Profe," Nubia akanong'ona, "na huyu anajifunza?"

Nilibonyeza kitufe, kaseti ikanyamaza.
Mimi mwenyewe mama yangu alisema hivyohivyo.
Shule ilinifuta, nikasahau kwamba nilifutwa.

Sandukuni sasa mna pia
hereni ya plastiki ya sikio la kondoo, namba 4417,
na meli aliyoikunja Nubia
kwa tangazo la siagi.
Eliécer anavishika kimoja kimoja, anavipa majina.
Bado anavichanganya.
R yake inanguruma hadi maktaba, watu wanageuka.

Chini ya maneno ya Noeline nimeongeza yangu, kwa penseli,
nisije nikabadili mawazo:
R muiache.