Mizani Sita

Mwalimu Sekela aliliandika ubaoni, chuoni Mbeya,
asubuhi Loleza imejifunika ukungu hadi mabegani:
aleksithimia.
Akalikata kwa chaki kama mtu anayekata muwa,
a, lek, si, thai, mi, a.
Waingereza, alisema, hukanyaga pale kwenye thai
kisha huteremka taratibu.
Darasa zima tukakanyaga mi,
ya pili toka mwisho, kwa mazoea,
tunavyokanyaga ndizi, Kiwira, samahani.
Na sisi wa Rungwe tukaitoa th ikiwa s.
Alicheka, akatuacha.

Neno la Kigiriki, limeungwa kama jembe na mpini.
Leksi ni neno.
Thimo ni roho, ile inayochemka kifuani.
Na a ya mbele ni kanusho: bila, hapana.
Asiye na neno la kutaja kilichomo rohoni mwake.

Niliandika. Kalamu ikasita kwenye a.
Kwetu a haikanushi kitu,
kwetu a ni mtu mzima:
analima, anapalilia, anafunga kamba.
A ni baba yangu Ambindwile
anashuka Katumba na mabuti yake ya mpira.

Siku tuliyomzika Lugano mvua haikukatika.
Mnunuzi wa parachichi akaja hivyo hivyo na lori lake.
Baba akapakia kreti arobaini na moja,
hakukosea hata moja.
Jioni nikamuuliza, unajisikiaje, baba?
Alifikiri sana, kwa bidii,
kama anayetafuta funguo mfukoni mwa koti la mwingine.
Akasema, "Soksi zimelowa."

Miaka minne nilimchukia kwa ajili ya soksi.

Likizo nikamsomea neno.
Akalirudia polepole, aleksisimia,
akauliza ni dawa ya miche au ya ng'ombe.
Sikumwambia ni yeye.
Nilimwambia ni neno la watu wasio na neno.
"Ndiyo wakapewa refu hivyo?"

Usiku sikulala. Nilihesabu
kama tulivyofundishwa kuhesabu shairi:
mizani sita. Kipande kinataka nane.

Alfajiri nikazikuta soksi zangu,
nilizozisahau nje kwenye mvua,
zimeanikwa juu ya jiko,
zimegeuzwa ndani nje, kila moja na mwenzake.
Yeye alikwisha kwenda shambani.

Nikaita toka mlangoni, ndaga.
Kutoka kwenye migomba, bila kugeuka,
akanirudishia,
ndaga.