Anzia ya Saba

Usianzie albamu ya kwanza, Jorinde.
Walikuwa vijana, wamevaa huzuni kama koti la kuazima.
Anzia ya saba,
ile waliyorekodi Chemnitz, chumba hakina hita,
Ulf akipapasa kinanda kwa glavu zilizokatwa vidole.

Isikilize ndani ya tramu ya mwisho.
Mdundo utakuja polepole,
kama jirani anayepanda ngazi
akijua hujalala.

Miaka thelathini na minne nawafuata.
Sauti ya Maren imeshuka, imekwaruzika,
bado analiimba giza
kama mtu anayekuonyesha swichi ilipo.

Ukifika wimbo wa tano usinipigie simu.
Nyamaza nao.

Kisha nirudishie kaseti yangu.
Mkanda umelegea hapo,
Gero alipenda kuurudisha nyuma
kila usiku,
hadi usiku ule.